Kabla Hujanunua Mashine ya Kusafisha Hewa

Wifi yangu alinipigia saa nne usiku. Mtoto kabanwa tena na pumu. Wamempa pampu yake, ametulia, ila mama mtu hakutulia. Wiki mbili nyuma alikuwa amenunua mashine ya kusafisha hewa, ile nyeupe ya kuweka mezani yenye taa ya buluu, na muuzaji alimhakikishia kwamba chumba kitakuwa "kama cha hospitali". "Wifi, inawaka usiku na mchana na mtoto anakohoa vilevile. Nimeibiwa?"

Kesho yake jioni nikaenda Tabata kujionea. Chumbani dirisha la aluminiamu limefungwa, pazia zito limeshushwa, kiyoyozi kinapuliza. Dawa ya mbu ya kuwasha inafuka chini ya kitanda. Mashine imekaa kwenye kimeza karibu na mto wa mtoto. Nje mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo jiko la mkaa lilikuwa limeingizwa koridoni, sufuria ya maharage juu yake.

Hakuibiwa. Tuseme hakuibiwa sana. Alinunua kifaa chenye kazi moja, akakipa kazi tatu, na mbili kati ya hizo kisingeziweza hata kingekuwa kikubwa kama kabati.

Fikiria pipa la maji. Juu kuna bomba linamimina, chini kuna tundu linavujisha. Maji yatasimama kimo gani? Inategemea nani anamzidi mwenzake, bomba au tundu. Hewa ya chumbani inakwenda kwa hesabu hiyohiyo. Bomba ni kila kinachofuka mle ndani: mkaa, mafuta ya kukaangia, dawa ya mbu, udi, sigara, kibatari, rangi mpya ya ukutani, hata pumzi zetu. Tundu la kwanza ni hewa ya nje inayoingia na kuisukuma ile ya ndani itoke. Tundu la pili ni kichujio cha mashine. Wengi hatujui kwamba matundu haya mawili hayatoi vitu vilevile. Dirisha linatoa kila kitu, lakini kwa kubadilishana na kilichopo nje. Kichujio hakiingizi chochote kutoka nje, ila kinakamata chembechembe tu. Gesi inapita katikati yake kama maji kwenye kapu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine gani, jiulize: kilichomo chumbani mwangu ni chembe au ni gesi?

Chembe zinazowashughulisha wataalamu ni zile zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, ambazo kwenye vipimo huandikwa PM2.5. Unywele wa kichwani una upana wa mikromita kama 50 hadi 70, kwa hiyo ungeweza kupanga chembe za aina hii zaidi ya 20 kuukata unywele mmoja. Vumbi la kawaida pua inalizuia, unapenga kamasi nyeusi yanaisha. Hizi ndogo zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huvuka zikaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kifuani. Moyo na mishipa ya damu navyo huumia. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2021 lilishusha kiwango kinachopendekezwa kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na kwa siku kutoka 25 hadi 15. Na shirika hilohilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Takwimu kubwa hivyo huwa haishikiki akilini. Mimi hukumbuka zaidi macho mekundu ya bibi zetu walioishi mbele ya mafiga, ambao hawajawahi kuvuta sigara hata moja maishani na bado wana kikohozi cha mvutaji.

Upande wa gesi kuna kaboni dioksidi tunayoitoa kwa pumzi, dioksidi ya naitrojeni inayotokana na miali ya jiko la gesi, fomaldehaidi inayovuja kutoka kwenye mbao za kubandika na rangi, na kuna muuaji mwenyewe, kaboni monoksidi.

Hapa inabidi nikae kidogo, maana hapa ndipo imani ya mashine inapoweza kuua. Mkaa unapowashwa unatoa moshi, kila mtu anakohoa, jiko linawekwa nje. Ukishakolea, ukawa mwekundu bila moshi, watu husema "sasa umeiva" na kuuingiza ndani. Kumbe mkaa uliokolea ndio unaomwaga kaboni monoksidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia kwenye damu inashikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito. Kila msimu wa baridi huko nyanda za juu, Makete, Njombe, Limuru, husikika habari ya familia iliyolala na jiko ili chumba kipate joto, asubuhi mlango ukavunjwa. Mashine ya kusafisha hewa haitaikamata gesi hii. Taa yake itabaki ya buluu au ya kijani usiku kucha, kwa kuwa jicho lake linaona chembe tu na mkaa ulioiva hauna chembe nyingi za kuonekana. Hata kile kichujio cha pili chenye mkaa maalumu wa kunyonya harufu hakinyonyi kaboni monoksidi. Kuna vifaa vidogo vya kengele vya gesi hii tu, vya betri, na anayepasha chumba kwa moto ni heri anunue hicho kuliko mashine yoyote. Heri zaidi jiko lisilale ndani.

Jiko la koridoni kwa wifi lilikuwa hatua nne kutoka mlango wa chumba cha mtoto. Nyumba zetu za Uswahilini, zile za vyumba sita vinavyotazamana na korido katikati, zilijengwa zikiwa na ua nyuma, na kupika kulikuwa kazi ya uani. Korido ilikuwa njia ya upepo kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Uani kukishajengwa vyumba vingine vya kupangisha, au mvua ikinyesha, jiko linahamia kwenye njia ya upepo, na upepo unafanya kazi yake: unapeleka moshi kila chumba.

Yupo atakayesema siku hizi watu wana gesi. Ni kweli, na wifi anao mtungi. Lakini mtungi ni wa chai, mayai na kupasha kiporo. Maharage na makande ya mtoto ni ya mkaa, kwa sababu hakuna anayetaka kuona gesi inaisha kwa sababu ya maharage. Serikali ya Tanzania, katika mkakati wake wa miaka kumi uliozinduliwa Mei 2024, inalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishapigwa marufuku kutumia kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024. Ni hatua njema. Ila kumiliki mtungi si sawa na kuuacha mkaa, na mapafu hayajui una majiko mangapi, yanajua lipi limewaka leo. Kwa maharage jibu ninaloliamini ni jiko la presha la umeme: limefunikwa, halina mwali, na sufuria nzima inaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme. Gesi yenyewe, ingawa ni safi mno ukiilinganisha na mkaa, si malaika. Mwali wake unatoa dioksidi ya naitrojeni, inayowachokoza wenye pumu. Na kukaanga ni kukaanga: mafuta yakifuka moshi, chembe zinatoka hata kama jiko ni la umeme.

Turudi chini ya kitanda, kwenye dawa ya mbu ya kuwasha. Mwaka 2003 watafiti waliopima dawa za aina hii zilizouzwa China na Malaysia waliona kwamba kuchoma duara moja hadi liishe kunatoa chembe za PM2.5 sawa na kuchoma sigara kati ya 75 na 137. Fomaldehaidi yake ilifikia ile ya sigara 51. Nilimsomea wifi namba hizo akacheka, akidhani natia chumvi. Baba wa nyumba hiyo haruhusiwi kuvuta hata sigara moja sebuleni kwa sababu ya pumu ya mtoto! Duara hilo lililala chini ya godoro kila usiku, chumba kimefungwa, na kimashine cha mezani kinahangaika nalo kama mtu anayekausha maji kwa kijiko huku bomba liko wazi. Chandarua chenye dawa hakifuki moshi. Wavu wa dirisha haufuki moshi. Hapa sihitaji mizani wala mjadala.

Udi ndio uligeuka mjadala. Mimi ni mtu wa Pwani, sitamwambia mtu asifukize udi Alhamisi jioni au nguo za harusi zisinukie. Lakini kitu kinachofuka ni kitu kinachofuka, kiwe kitakatifu au kiwe cha mbu. Tofauti ni muda na nafasi: chetezo dakika kumi sebuleni, milango wazi, mtoto yuko kwa jirani, si sawa na chetezo chumbani baada ya dirisha kufungwa.

Sasa hewa ya nje, ambayo kwa maoni yangu ndiyo dawa iliyosahauliwa kuliko zote, na inasahauliwa zaidi kadiri mtu anavyopata hela. Mwenye kipato kidogo anaishi na nyufa. Mwenye kipato anaziba. Kwanza anaondoa madirisha ya zamani yenye vipande vya vioo vya kulaza, ambavyo ukivilaza dirisha zima linakuwa wazi, anaweka ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ufanyeje yanafunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kilale nyuma ya mwenzake. Kisha anaweka dari la jipsamu, linaloziba vitundu vyote vilivyokuwa juu ya ukuta. Kisha kiyoyozi. Na kiyoyozi cha ukutani, kile chenye boksi moja ndani na moja nje, wengi wanaamini kinavuta hewa safi kutoka nje. Hakivuti. Yale mabomba mawili yanayotoboa ukuta yamebeba gesi ya kupoozea, si upepo. Hewa unayopulizwa ni ileile ya chumbani, imepoozwa ikarudishwa. Feni ya dari nayo inakoroga tu. Haileti hewa mpya, inaihamisha ya zamani kutoka kona hii kwenda ile.

Tufanye hesabu ya chumba cha futi 10 kwa 12 chenye dari la kawaida. Kina mita za ujazo kama 30. Wakilala humo watu wazima wawili na mtoto, na chumba kikawa kimezibwa kabisa, kaboni dioksidi ingepanda kwa zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni kila saa. Hewa ya nje ina kama 420. Mjerumani Max von Pettenkofer, huko Munich mwaka 1858, ndiye aliyeiweka 1,000 kuwa mpaka: ikizidi hapo, alisema, chumba kinapitisha hewa vibaya. Hakusema gesi hiyo ni sumu kwa kiwango hicho. Aliitumia kama shahidi. Kama pumzi zetu zimejaa kiasi hicho, basi vijidudu vya mafua, harufu na kila tunachokitoa navyo vimejaa. Vyumba halisi huvuja kidogo chini ya mlango, kwa hiyo hatufi. Lakini kile kichwa kizito cha asubuhi na ule mdomo uliokauka, tukidhani ni uchovu wa kazi, mara nyingi ni chumba. Na mashine ya wifi, hata ingekuwa bora duniani, haiondoi kaboni dioksidi hata tone.

Waliotutangulia walilijua hili bila vipimo. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu, vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana mkubwa, lakini dari liko juu sana, na vyote vinafungukia kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa. Hewa yenye joto inapanda na kutoka, ya ubaridi inashuka. Na jikoni? Kidari cha meko kimewekwa juu kabisa ya nyumba, ili moshi uende zake mbinguni bila kupitia kwa mtu yeyote.

Mtu akidhani hizo ni hadithi za wazee, kuna kipimo cha Lima, Peru, kilichochapishwa mwaka 2007. Watafiti waliokuwa wakiwinda njia za kuzuia kifua kikuu walipima vyumba 70 vya madirisha katika hospitali nane, wakavilinganisha na vya mitambo. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kuvuta hewa vilikuwa na kiwango cha kubadilisha hewa mara 12 kwa saa. Vyumba vya madirisha, vikifunguliwa milango na madirisha yote, vilifikia 28. Na majengo ya zaidi ya miaka 50, yenye madari marefu na madirisha makubwa, yaliyapita majengo mapya yenye madirisha: mara 40 dhidi ya 17. Nikisoma namba hizo huwa nawaza wodi zetu za zamani za wakoloni na wamisionari, zile zenye veranda pande zote, tunazozivunja tukaweka jengo la vioo.

Ili upepo upite unahitaji matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, na bora yatazamane. Dirisha moja peke yake linapumua kwa shida, kama mtu anayevuta na kutoa pumzi kupitia mrija uleule. Pwani tumejaliwa upepo wenye ratiba: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, zote mbili zikitokea upande wa mashariki, moja kaskazini-mashariki na moja kusini-mashariki. Dirisha linalotazama mashariki litapata chochote karibu mwaka mzima, mradi nyuma yake kuna pa kutokea. Kwa chumba cha kupanga chenye dirisha moja na mlango wa koridoni, pa kutokea ni juu ya mlango. Tofali mbili za matundu pale juu hufanya kazi usiku kucha bila umeme, na mlango unabaki umefungwa. Kama mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta, geuza feni ya kusimama itazame nje, iwe karibu na dirisha. Watu huona ajabu, mbona unampulizia jirani? Lakini feni inayotoa hewa nje inalazimisha mpya iingie chini ya mlango na kila upenyo, na wakati wa kupika inatoa moshi kabla haujasambaa.

Pingamizi ni mbu na wezi, na ni pingamizi la haki. Jioni ndipo upepo mzuri, na jioni ndipo mbu. Wavu unawazuia mbu lakini unapunguza upepo pia, zaidi ukishajaa vumbi. Uoshe kwa brashi na sabuni, utashangaa. Huko vijijini Mtwara mradi wa Star Homes ulijenga nyumba 110 zinazojaribu kupatanisha mambo haya: vyumba vya kulala viko juu ambako mbu ni wachache na upepo ni mwingi, kuta zimewekwa wavu badala ya tofali tupu, jikoni pamejengwa moshi utoke. Sehemu kubwa ya utaalamu humo si umeme wala kompyuta. Ni mahali pa kuweka tundu.

Na kuna saa ambazo dirisha lifungwe. Jirani akichoma takataka, funga. Grea likipita kwenye barabara ya vumbi, funga. Alfajiri na usiku wa utulivu, hasa miji ya mabonde na nyanda za juu, hewa baridi hulala chini ikafunika moshi wa jiji kama kifuniko cha sufuria. Jua likipanda hunyanyuka. Kampala wanaziona saa hizi kwenye vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza mwaka 2015 na unaotengeneza vipima hewa vya bei nafuu kwa miji ya Afrika. Asiye na kipimo atumie pua yake na ratiba ya mtaa wake. Mtaani kwangu takataka huchomwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, kama sala.

Hapo sasa, chanzo kimepunguzwa na dirisha limefanya linaloweza, ndipo mashine inapopata kazi yake halali: barabara kubwa iko mlangoni, au jirani hasikii la mwadhini, au mtoto ana pumu na vumbi la nje haliishi.

Mashine ya kweli ni feni na kichujio, basi. Kichujio kizuri huitwa HEPA, uzao wa utafiti wa mabomu ya atomiki wa Marekani miaka ya 1940, ambako ilibidi kunasa vumbi lenye mionzi. Kwa kipimo cha Marekani kinanasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Watu husoma hiyo 0.3 wakadhani chembe ndogo zaidi zinapita. Ni kinyume. Chembe kubwa zinajigonga kwenye nyuzi kwa uzito wake. Ndogo kabisa haziendi moja kwa moja, zinayumbayumba kama mlevi mpaka zinagusa uzi na kunata. Za kati, za 0.3, ndizo mjanja wa kupenya, ndiyo maana kipimo huwekwa hapo penye ugumu. Jihadhari na boksi lililoandikwa "aina ya HEPA" au "mfano wa HEPA". Maneno hayo hayajamfunga mtengenezaji na lolote.

Lakini kichujio bora kwenye feni dhaifu ni bure. Namba ya kutafuta kwenye boksi ni CADR, kiasi cha hewa safi ambacho mashine inatoa kwa saa. Kwa kile chumba cha mita za ujazo 30, ukitaka hewa yote ipite kwenye kichujio mara tano kwa saa, unahitaji mita za ujazo 150 kwa saa. Kimashine chenye 30 kinapitisha mara moja tu, na hata hiyo mara moja haina maana chumba kimekuwa safi, kwa sababu hewa iliyosafishwa inachanganyika na chafu: baada ya mzunguko mmoja theluthi na ushee ya uchafu bado ipo, na inahitaji mitatu ili ibaki kama asilimia 5. Tena CADR hupimwa feni ikiwa kasi ya mwisho. Usiku tunaiweka kasi ya chini kwa ajili ya kelele, nusu ya kazi imekwenda. Kwa hiyo nunua kubwa kuliko chumba, uiendeshe polepole. Mashine ya wati 40 ikiwaka mwezi mzima bila kuzimwa inakula karibu uniti 29, na kwa aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo si namba ndogo. Uliza pia bei ya kichujio cha kubadilisha, na kama kinapatikana, kabla hujalipia mashine. Mashine bila kichujio cha akiba ni pambo lenye saa ya kufa.

Na kifungue kichujio! Tulipotoa kifuniko cha nyuma cha mashine ya wifi, kichujio kilikuwa bado kimevikwa mfuko wake wa nailoni tangu kiwandani. Wiki mbili feni ilikuwa inapuliza nailoni.

Kinachouzwa kama "kizalisha ozoni", au mashine isiyo na kichujio inayojisifu kuua vijidudu kwa ozoni, kiache dukani. Ozoni inachokoza mapafu hasa ya mwenye pumu, na jimbo la California limeweka kikomo cha sehemu 0.050 kwa milioni kwa mashine yoyote ya kusafisha hewa inayouzwa humo. Ile harufu kama ya baada ya radi siyo usafi. Na mimea ya vyungu, iliyopata sifa baada ya jaribio la NASA la mwaka 1989 ndani ya visanduku vilivyozibwa, ni mizuri kwa macho. Waliorudia hesabu miaka thelathini baadaye wakitumia nyumba za kawaida walikuta ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kulifikia dirisha. Utalala wapi?

Kwa wifi tulianza na yasiyo na gharama. Dawa ya kuwasha imetupwa, chandarua kimeshushwa. Pazia zito limetolewa. Nailoni imetoka na mashine imesogezwa mbali na ukuta, hewa iipate pande zote. Maharage yanapikwa Jumamosi mchana uani, kwa wingi, yanagandishwa kwenye friji kwa mafungu, hadi jiko la presha litakapopatikana. Pampu ya mtoto iko palepale kabatini, maana hakuna chochote kati ya haya kinachochukua nafasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari. Mwenye nyumba amekubali tofali mbili za matundu juu ya mlango wa chumba, kwa sharti fundi alipwe na mpangaji na zisidaiwe siku ya kuhama. Fundi amesema Jumatatu. Udi bado tunajadiliana.